PIKAPU NA TELA: HESABU YA MCHUKUZI MDOGO KATI YA KITALE NA BUNGOMA

Mkulima wa Kitale akiisha kuvuna mahindi yake, kati ya mwezi wa Oktoba na Januari, haja yake ya kwanza ni chombo cha kuyatoa shambani. Mwenye duka wa Bungoma naye huhitaji mtu wa kumletea bidhaa zake kwa wakati. Kwa hiyo si ajabu kwamba vijana wa pande hizo huweka akiba, au hukopa katika vyama vya akiba na mikopo, ili wanunue pikapu na tela na kuwa wachukuzi wa kujitegemea.

Kazi hiyo ni njema, na nchi yaihitaji. Lakini wako walioianza kwa furaha, na kabla mwaka haujaisha wakalazimika kuuza gari ili walipe deni. Mara nyingi sababu si uvivu wala ulevi. Sababu ni kwamba hawakupiga hesabu kabla ya kutaja bei.

Uzito wa Mzigo

Gunia la mahindi lililozoeleka lina kilo 90. Pikapu iliyoruhusiwa kuchukua tani moja yaweza kubeba magunia 11 tu, yaani kilo 990. Tela dogo lililoruhusiwa kuchukua kilo 750 litabeba magunia 8, yaani kilo 720. Jumla ni magunia 19.

Sasa na litazamwe lori la tani 10. Hilo hubeba magunia 111 kwa safari moja, nalo lina dereva mmoja tu, sawasawa na pikapu. Gharama yake hugawanywa juu ya magunia 111, na gharama ya pikapu hugawanywa juu ya magunia 19. Asiyelifahamu jambo hili hana budi kupata hasara.

Hesabu ya Safari Moja

Huu ni mfano tu, na kila mtu atie bei za siku yake. Ikiwa kwenda na kurudi ni kilomita 160, na gari hutumia lita moja kwa kilomita 8, safari itataka lita 20. Ikiwa bei ya lita ni Sh. 180/-, hesabu itakuwa hivi:

Mafuta: Sh. 3,600/-
Fungu la matairi na oili: Sh. 600/-
Fungu la mkopo (Sh. 30,000/- kwa mwezi, safari 20): Sh. 1,500/-
Fungu la bima, ukaguzi na kodi: Sh. 300/-
Ujira wa utingo: Sh. 700/-
Mshahara wa mwenye gari: Sh. 1,000/-
Akiba ya matengenezo: Sh. 850/-
Jumla: Sh. 8,550/-

Ukigawanya jumla hiyo kwa magunia 19, kila gunia lapaswa kulipiwa Sh. 450/- ikiwa gari litarudi tupu. Lakini mwenye gari asiyeandika, kwa kuogopa kunyimwa mzigo, atakubali Sh. 250/- kwa gunia. Atapokea Sh. 4,750/-. Akiisha kuondoa mafuta, ataona Sh. 1,150/- mfukoni, naye atafikiri kwamba amepata faida. Kwa kweli amepoteza Sh. 3,800/-. Afanyapo hivyo mara 20 kwa mwezi, hasara yake ni Sh. 76,000/-. Hataiona hasara hiyo mpaka siku matairi yatakapokwisha, au siku mkopeshaji atakapobisha hodi.

Kumbe angalipata mzigo wa kurudi wenye malipo ya Sh. 4,000/-, mapato yake yangalikuwa Sh. 8,750/-. Gharama zote zingalilipwa, pamoja na mshahara wake, na Sh. 200/- zingalisalia. Basi kwa mchukuzi mdogo, mzigo wa kurudi ndio wenye kuamua kama gari litamlisha au litamla.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba Mamlaka ya kusimamia Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Baada ya tangazo hilo mchukuzi aifanye hesabu yake upya.

Mzigo Unaomfaa Mtu Mdogo

Mwenye pikapu asishindane na lori kwa mahindi mengi ya safari ndefu. Riziki yake imo katika mizigo midogo, yenye haraka, na katika njia ambazo lori kubwa haliwezi kupita. Mvua zinaponyesha, mkulima atamlipa mtu wa kumtolea magunia kutoka shambani mpaka barabara kuu. Kabla ya kupanda, katika Februari na Machi, wenye maduka madogo ya Kiminini, Kamukuywa na Kimilili huhitaji mbolea na mbegu, nao mji wa Kitale ndio makao makuu ya kampuni ya mbegu ya Kenya Seed. Upande wa Bungoma liko soko mashuhuri la Chwele, ambapo vitunguu, nyanya na kabichi hupatikana. Hapo mchukuzi arudiye Kitale aweza kutafuta mzigo wake. Wateja watano wa kila juma wenye kuaminika ni bora kuliko dalali mmoja mwenye maneno mengi.

Sheria Zake

Tela si kiungo cha gari tu. Husajiliwa peke yake, nalo hupewa namba yake ianzayo kwa herufi Z. Kazi ya kusajili na kukagua magari ni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Leseni ya dereva nayo sharti iwe ya daraja liruhusulo chombo hicho pamoja na tela lake.

Bima iwe ya gari la biashara. Mtu akikata bima ya gari la nyumbani kisha akabeba mizigo ya watu kwa malipo, siku ya ajali kampuni yaweza kukataa kumlipa. Zaidi ya hayo, bima ya gari hailindi mzigo wa mteja. Huo huhitaji bima yake ya safarini. Tena, Kitale imo katika Kaunti ya Trans Nzoia, na Bungoma ina kaunti yake. Kwa hiyo mchukuzi aulize mapema ushuru wa mazao hulipwa wapi na nani, na stakabadhi azitunze.

Kupakia na Kuteremka

Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma kiasi cha mita 1,400. Kwa hiyo gari lenye mahindi huteremka, na tela lisilo na breki zake hulisukuma gari kutoka nyuma. Dereva na ateremke kwa gia nzito, asikanyage breki mfululizo hata zikaungua. Katika tela, uzito uzidi kidogo mbele ya ekseli. Ukizidi nyuma, tela litayumba na laweza kulipindua gari. Mnyororo wa usalama, taa za nyuma na upepo wa matairi vitazamwe kila asubuhi. Tena asizidishe mzigo: huko Webuye, katika barabara kuu iendayo Malaba, iko mizani ya magari.

Turubai zima lisikosekane. Bodi ya Nafaka hutaka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Magunia yakiloa njiani, mkulima atakataliwa, na kazi yake ya mwaka mzima itakuwa imeharibika katika mikono ya mchukuzi. Habari kama hiyo huenea sokoni kabla gari halijafika nyumbani.

Mwisho, kila mzigo uandikwe: idadi ya magunia, mwenye kutoa, mwenye kupokea, bei, na saini zao. Fedha za matengenezo ziwekwe mbali na fedha za unga na karo. Daftari la shilingi chache laweza kuokoa gari la mamia ya maelfu, kwani wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.