Mwangaza Mwekundu: Jinsi ya Kutambua Nyumba ya Matibabu Iliyo Njema

Wagonjwa wa Keshero, Himbi na Ndosho wanatuuliza swali hili tena na tena: "Je, mwangaza mwekundu unaponya?" Wengine wamesikia habari zake kwa ndugu walio Nairobi au Ulaya. Wengine wameuona katika simu, mtu amelala chini ya taa nyekundu, na maneno yanasema kwamba maumivu ya mgongo, vidonda, upara na hata kisukari vitakwisha. Jibu letu ni hili: uko mwangaza unaotibu kweli, lakini si kila taa nyekundu ni dawa, wala si kila ugonjwa unasikia mwangaza. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha yako, fahamu kwanza unanunua kitu gani.

Nuru ya jua ina rangi nyingi ndani yake, kama tunavyoziona katika upinde wa mvua juu ya ziwa. Wataalamu hupima kila rangi kwa nanometa. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Rangi ya buluu iko karibu na 460, nyekundu iko kati ya 630 na 670 hivi, na baada ya hapo kuna mwangaza ambao macho hayauoni kabisa. Kila rangi ina kazi yake katika mwili. Kutumia moja mahali pa nyingine ni kama kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo.

Tuanze na mtoto mchanga, maana hapo kosa linaweza kuua. Mtoto akizaliwa, pengine macho na ngozi yake hugeuka manjano. Katika mwaka wa 1956, muuguzi mmoja wa hospitali ya Rochford, Uingereza, jina lake Jean Ward, aliona kwamba watoto waliotolewa nje kwenye jua walipungua manjano mahali ambapo jua liligusa ngozi. Miaka miwili baadaye madaktari wa hospitali hiyo waliandika habari ya taa ya kufanya kazi hiyo, na leo taa za buluu zinaokoa watoto katika nchi zote. Angalia vema: ni buluu, si nyekundu. Taa nyekundu haiondoi manjano hayo. Mama, ukiona mtoto wako amekuwa manjano siku ile ile ya kuzaliwa, au hanyonyi na analegea, usimpeleke kwenye nyumba yoyote ya taa mtaani. Mlete hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Sumu ya manjano ikiingia katika ubongo, mtoto anaweza kufa, au kuishi bila kusikia wala kutembea sawasawa.

Mtu aliyewafundisha waganga wa siku hizi kutumia nuru alikuwa Niels Finsen, aliyezaliwa mwaka wa 1860 katika visiwa vya Faroe. Alitibu kifua kikuu cha ngozi, ambacho kilikuwa kinakula nyuso za watu, kwa taa yenye nguvu nyingi ya upande wa buluu na zambarau. Wengi walipona, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1903. Lakini Finsen huyo huyo alifundisha pia kwamba wagonjwa wa ndui wakae katika vyumba vyenye nuru nyekundu tu, wasipate makovu. Jambo hilo halikusimama, na waganga wakaliacha. Ndui yenyewe ilikomeshwa kwa chanjo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia mwaka wa 1977. Basi hata mtu mwenye akili kubwa anaweza kusema kweli juu ya taa moja na kukosea juu ya nyingine. Ndiyo maana tunapima, hatuamini jina la mtu.

Mwangaza mwekundu wa leo ulianza hasa Budapest. Mwaka wa 1967 daktari Endre Mester aliwanyoa panya manyoya, akawaangazia kwa leza nyekundu, akaona manyoya yao yanarudi upesi kuliko ya panya wengine. Wataalamu wanafikiri kwamba mwangaza huo unapokelewa na mitokondria, yaani viwanda vidogo ndani ya chembe za mwili vinavyotengeneza nguvu. Kazi gani imethibitika? Kwa watu wenye kansa wanaotibiwa kwa dawa kali au kwa mionzi, mwangaza huu ukitumiwa sawasawa huzuia vidonda vikali vya kinywa, na wataalamu wa mataifa mengi wanaushauri. Kwa upara wa kurithi unasaidia wengine kidogo. Kwa maumivu ya goti na ya shingo, majaribio mengine yanaonyesha nafuu na mengine hayaonyeshi. Lakini hauponyi kansa yenyewe, wala kisukari, wala kifua kikuu, wala UKIMWI, wala kifafa. Mtu akikuambia kwamba taa yake inaponya hayo yote, umekwisha kupata jibu lako, ondoka.

Tena, katika mji mkubwa utaona vitu vitatu vinavyoitwa kwa jina moja. Cha kwanza ni taa ya joto, ile kubwa nyekundu inayotumika kwa watu wa viungo. Hiyo inapasha misuli moto na kupunguza maumivu kwa muda, kama kitambaa cha maji ya moto. Ni chombo kizuri, lakini ni joto tu. Cha pili ni taa za vidoto vingi au leza, ambazo hazichomi sana, na hizo ndizo zilizojaribiwa katika habari tulizozitaja. Cha tatu ni balbu ya kawaida iliyopakwa rangi. Ukiwa umelala na macho yamefungwa huwezi kutofautisha. Kwa hiyo uliza: "Mashine hii ni ya nanometa ngapi? Inawekwa umbali gani na ngozi, kwa dakika ngapi?" Mtu anayejua kazi yake atakuonyesha kitabu cha mashine. Kipimo ni lazima kama kwa kila dawa. Kidogo mno hakifanyi kitu, na kingi mno kinaweza kuharibu faida. Akikujibu kwamba kadiri unavyokaa ndivyo unavyopona, hajui anachokifanya.

Msije mkashangazwa na karatasi iliyotundikwa ukutani yenye herufi FDA na muhuri wa dhahabu. Ofisi hiyo ya Marekani haitoi vyeti vya namna hiyo kwa wenye kuandikisha mashine. Kuandikishwa si kupimwa. Karatasi inayotufaa hapa ni ruhusa ya kazi kutoka kwa wakubwa wa afya wa mahali, na ofisi ya zoni ya afya inaweza kukuambia kama nyumba ile inajulikana au la. Uliza pia jina na kazi ya yule anayekutibu: ni daktari, ni muuguzi, ni mtu wa viungo, au ni mwenye saluni? Mwenye saluni anaweza kuwa mtu mwaminifu, lakini hawezi kukuambia kwa nini mgongo wako unauma.

Na hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote. Taa haiulizi ugonjwa ni nini. Mgongo unaouma miezi mingi, pamoja na homa za jioni na kukonda, unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Dawa zake hutolewa bure, na mtu akikawia anaweza kupooza miguu. Kidonda kisichofunga kinaweza kuwa kansa au kisukari. Uvimbe katika titi haungoji mara 20 za taa. Baka jeupe au jekundu katika ngozi, lisilosikia ukiligusa kwa pamba, linaweza kuwa ukoma, nao una dawa za bure za miezi 6 au 12. Mtu wa ukoma, na mtu wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi, ana hatari nyingine tena: chini ya taa ya joto anaungua bila kusikia. Kwa hiyo nyumba njema haiwashi taa siku ya kwanza. Inakuhoji, inakugusa, inakupima, na pengine inakurudisha hospitali bila kupokea faranga moja.

Macho lazima yafunikwe kwa miwani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mwaka wa 2023 madaktari wa China waliandika habari za msichana wa miaka 12 ambaye macho yake yalidhurika kwa mashine nyekundu aliyotazama kila siku ili kutibu macho yasiyoona mbali. Mama mwenye mimba, na mtu anayemeza dawa zinazofanya ngozi iogope jua, kama doksisiklini, waseme kabla ya kuanza. Asiyewauliza maswali hayo asipewe kazi hiyo.

Juu ya fedha tuseme wazi. Yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12 alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga. Marko anaongeza kwamba hali yake ilizidi kuwa mbaya. Luka, aliyekuwa mganga, analiacha neno hilo. Usikubali kulipa mara 30 kwa pamoja. Lipa kila mara unapotibiwa, na mwanzoni kabisa mpatane siku ya kuhesabu: baada ya mara 6 au 8, je, unatembea mbali kuliko kwanza? Unalala usiku? Kidonda kimepungua kwa kipimo cha uzi? Pima uzi huo nyumbani siku ya kwanza, uufunge fundo, uuweke. Kama hakuna kilichobadilika, acha.

Wako wanaotaka kusafiri mpaka Kampala au Nairobi kwa ajili ya taa. Kabla ya kuuza mbuzi, nenda kwanza kwa watu wa viungo walio hapa Goma, katika hospitali ya HEAL Africa, ya CBCA Ndosho, au Shirika la Umoja, ambako pia wanatengeneza miguu ya bandia. Mara nyingi mazoezi wanayokufundisha, yafanywayo kila asubuhi juu ya mkeka, yanafaa goti na mgongo kuliko taa yoyote. Na kama umekwisha kuanza matibabu ya taa mahali pengine, usituogope wala usituficha. Njoo na karatasi yao, na dawa zote unazomeza, na ule uzi wenye fundo.