Mkojo wafichua hatari ya moyo kwa wenye shinikizo la damu

WAGONJWA wengi wa shinikizo la damu huamini kwamba kipimo kinachofungwa mkononi ndicho pekee kinachoeleza hali yao. Hata hivyo, mkojo kidogo tu unaweza kutoa onyo kwamba moyo na ubongo vimo hatarini, hata kabla ya dalili yoyote kujitokeza.

Kinachotafutwa ni albumini, aina ya protini iliyomo katika damu. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, ambavyo huondoa taka na kuizuia protini hiyo isipotee. Shinikizo likivilemea kwa muda mrefu, vichujio hudhoofika na albumini huanza kupenya.

Je, hilo lahusianaje na moyo? Mishipa ya damu mwilini kote ina utando mwembamba kwa ndani. Ule wa figo ukianza kuvuja, yamkini ule wa moyo na ubongo nao umeanza kudhurika.

Utafiti uliofanywa mjini Groningen, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2002, ulihusisha zaidi ya watu 40,000. Ulionyesha kwamba kadiri albumini ilivyozidi katika mkojo, ndivyo vifo vitokanavyo na maradhi ya moyo vilivyoongezeka. Utafiti mwingine, LIFE, ulifuatilia wagonjwa wa shinikizo ambao moyo wao ulikuwa umeanza kutanuka. Matokeo ya mwaka 2005 yalibainisha kuwa wale ambao albumini yao ilipungua kwa tiba hawakupatwa sana na kiharusi na mshtuko wa moyo.

Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Mwaka 2016 Kaunti ya Makueni, ambayo makao yake makuu ni Wote, ilianzisha mpango wa MakueniCare, kila familia ikichangia Sh500 kwa mwaka. Gharama zilipungua, lakini asiyehisi maumivu bado huona hana haja ya kwenda hospitalini.

Katika maabara, albumini hulinganishwa na kreatinini. Chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ni kawaida. Kati ya 30 na 300 ni onyo. Zaidi ya hapo, madhara yamekithiri. Ulinganisho huo ni muhimu katika eneo kame kama Makueni, kwa kuwa mkojo wa aliyekunywa maji machache huwa mzito. Kijiti cha kawaida cha kupimia mkojo huweza kukosa kiwango kidogo.

Homa, hedhi, maambukizi ya njia ya mkojo au kazi ngumu ya shamba huweza kupandisha kiwango kwa muda. Kwa hivyo, mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora, na kipimo hurudiwa katika kipindi cha miezi mitatu kabla ya uamuzi.

Dawa kama enalapril na losartan hushusha shinikizo na kupunguza uvujaji huo, ingawa hazifai kwa wajawazito. Kupunguza chumvi, kuacha tumbaku na kudhibiti kisukari pia husaidia.

Mgonjwa anayekwenda kliniki ana haki ya kumuuliza daktari iwapo mkojo wake umepimwa albumini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.