Je, Wajua? Bakapu Ipo, Lakini Itarudi?

Je, wajua kwamba tar, amri ambayo wasimamizi wa seva za Linux huitumia kufunga nakala rudufu zao, ilitoka Januari 1979? Ilikuja na toleo la saba la Unix kutoka Bell Labs, Marekani, enzi ambazo bakapu ziliandikwa kwenye kanda za sumaku, na tabia za kanda bado zimo ndani yake. Hukata data katika vipande vya baiti 512, hukusanya vipande 20 kuwa fungu moja la baiti 10,240, kisha hufunga kazi kwa vipande viwili vya sifuri tupu. Ndiyo sababu ukiipa tar barua ya mistari mitatu unapata faili ya baiti 10,240 kamili. Na ndiyo sababu tar ikilalamika kwamba faili imeishia njiani, usiilaumu amri. Kunakili kulikoma kabla ya kufika kwenye sifuri hizo: ama umeme ulikatika, ama flashi ilichomolewa mapema, ama diski ilijaa.

Mpangilio wa herufi nao una mambo yake. Andika tar cfz nakala.tar.gz picha, bila kistari, na kila kitu kitakwenda sawa. Weka kistari, tar -cfz nakala.tar.gz picha, na amri ileile itakujibu kwamba nakala.tar.gz haipo. Kisa ni kwamba ukishaweka kistari, chochote kinachoifuata herufi f huchukuliwa kuwa jina la faili. Picha zako zimehifadhiwa, ila zimo katika faili iitwayo z, bila kubanwa, palepale ulipo. Ukitumia kistari, f ikae mwisho: tar -czf.

Kosa linaloumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni la alama ya nyota, kwa sababu halitoi lalamiko lolote. Ukiandika tar -czf nakala.tar.gz * ukiwa ndani ya folda ya tovuti, nyota hiyo haifiki kwa tar. Huipokea shell, yaani programu inayopokea amri zako, na kuigeuza kuwa orodha ya majina, nayo kwa kawaida huruka kila jina linaloanza na nukta. Faili ya .htaccess inabaki nje, .env yenye nywila za hifadhidata inabaki nje, na kwenye folda ya mtumiaji, .ssh yenye funguo zake inabaki nje. Utaligundua pengo hilo siku ya kurejesha, seva ya zamani ikiwa imeshafutwa. Dawa ni kuitaja folda yenyewe badala ya nyota, na kuiweka nakala mahali pengine: tar -czf /bakapu/nakala.tar.gz -C /var/www .

Nukta hiyo ya mwisho ni sehemu ya amri. Isiachwe.

Je, wajua kwamba amri ya dump ni kongwe kuliko tar? Ilikuwemo katika toleo la sita la Unix, la mwaka 1975. Dump haipiti faili moja moja kama tar. Husoma mfumo wote wa faili moja kwa moja kutoka kwenye diski, kwa ngazi za 0 hadi 9: ngazi ya 0 hubeba kila kitu, na kila ngazi ya juu yake hubeba yaliyobadilika tangu nakala ya mwisho ya ngazi ya chini yake. Mwongozo wake hupendekeza ngazi zifuatane 3, 2, 5, 4, 7, 6, 9, 8, 9, 9, mpangilio uliotokana na fumbo la Mnara wa Hanoi alilolitoa Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1883. Faida yake ni kwamba siku ya kurejesha unahitaji kanda chache.

Basi ukiona nakala ya ngazi ya 1 ina ukubwa uleule wa ngazi ya 0, angalia kama uliweka -u. Bila herufi hiyo, tarehe haiandikwi katika /etc/dumpdates, na dump isipoikuta tarehe huamini kwamba hapajawahi kunakiliwa kitu, hivyo hubeba vyote upya. Na ikikuomba ubadilishe kanda ilhali unaandika kwenye diski, ni kwa sababu bado inapiga hesabu ya kanda ya futi 2,300. Iongezee -a iache kupiga hesabu hiyo. Jambo la kutopuuzwa ni kwamba mwaka 2001 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alionya hadharani kuwa dump si ya kutegemewa kwenye mfumo wa faili unaotumika, kwani baadhi ya data mpya huwa bado imo kwenye kumbukumbu na haijafika diskini.

Kwa wanaonakili kwenda kwenye flashi, mwenye makosa mara nyingi si amri bali mfumo wa FAT32 uliomo ndani ya flashi. Haupokei faili inayofikia gigabaiti 4. Pia hutunza saa ya faili kwa hatua za sekunde mbili, kwa hiyo amri ya kunakili ya rsync huona saa zimetofautiana na kunakili upya yaleyale kila siku. Chaguo la --modify-window=1 humaliza tatizo hilo la pili.

Tena kuna diski inayosema imejaa huku df ikionyesha nafasi tele. Jaribu df -i. Yawezekana kilichokwisha ni inodi, yaani nafasi za kusajili faili, hasa pale penye mamilioni ya faili ndogondogo.

Kila amri ikimaliza huacha namba. Iulize kwa echo $? mara tu baada ya kazi. Tar ya GNU huacha 0 ikifaulu, 1 kama kuna faili iliyobadilika wakati inasomwa, na 2 kwa kosa kubwa. Rsync huacha 24 kama kuna faili zilizotoweka kabla hazijafikiwa. Lakini ukiunganisha tar na gzip kwa mfereji, namba unayopata ni ya gzip, na gzip itasema salama hata kama tar imeanguka. Katika bash, set -o pipefail hurekebisha hilo. Na ikiwa bakapu inafanya kazi ukiiandika kwa mkono lakini cron, inayoendesha amri kwa ratiba, ikiiendesha haitoki, tazama kama una alama ya asilimia kwenye tarehe: ndani ya crontab alama hiyo humaanisha mstari mpya, mpaka uitangulizie mkwaju wa nyuma.

Kisa cha Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kinastahili kusomwa na kila anayeandika skripti. Kati ya tarehe 14 na 16 Desemba 2021, programu ya bakapu ya kompyuta kuu ya chuo hicho ilifuta takriban terabaiti 77, faili zipatazo milioni 34, za vikundi 14 vya watafiti. Data za vikundi vinne hazikuweza kurejeshwa kutoka kwenye nakala. Kampuni iliyouza mfumo ilikiri kosa: ilibadilisha skripti ya bash wakati skripti hiyohiyo ikiendelea kufanya kazi. Bash husoma skripti kidogo kidogo kadiri inavyoendelea, si yote kwa mara moja. Ilipofika katikati ikakutana na maandishi mapya, yenye kigeu ambacho hakikuwa kimepewa thamani, na amri ya find iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu za zaidi ya siku 10 ikageukia faili za watafiti. Mistari miwili ingewaokoa: set -u, inayosimamisha skripti ikikuta kigeu kisichopewa thamani, na kuweka toleo jipya kwa mv badala ya kuandika juu ya lile la zamani.

Kampuni ya GitLab nayo, tarehe 31 Januari 2017, ilifuta hifadhidata yake kwa bahati mbaya, ikaenda kutafuta bakapu na kukuta ghala tupu. Amri ya kunakili hifadhidata, pg_dump, ilikuwa ya toleo 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, ikawa inashindwa kila mara, na barua pepe za kutoa taarifa zilikataliwa na seva ya kupokea barua. Iliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali.

Kwa hiyo leo, kabla hujafunga kompyuta, chagua faili moja ndani ya bakapu yako, ifungue katika folda tupu, kisha ilinganishe na ile ya asili kwa amri ya cmp. Isipoandika kitu na namba ikiwa 0, faili hizo mbili ni sawa baiti kwa baiti.