Dakika 33 za vijana wa Macon

Novemba 1969, vijana sita waliokuwa na makao Macon, jimbo la Georgia, Marekani, walitoa albamu yao ya kwanza. Waliipa jina la bendi yenyewe, The Allman Brothers Band. Ina nyimbo saba, na ukiisikiliza mwanzo hadi mwisho inakuchukua dakika 33 hivi. Sokoni haikufua dafu: nakala zilizouzwa mwanzoni hazikufika 35,000. Zaidi ya nusu karne baadaye, wapiga gita bado wanajifunzia humo.

Bendi hii inahesabiwa miongoni mwa wazazi wa mtindo ambao Wamarekani wanaupenda sana: bendi inayochukua wimbo mmoja na kuurefusha jukwaani kwa kubuni papo hapo, dakika 10, 20, hata zaidi. Msikilizaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi wa Dar es Salaam au rumba ya Kinshasa anaelewa mara moja. Anajua jinsi wimbo unavyoanza taratibu, mwimbaji akieleza yaliyomkuta, kisha unafika kwenye chemko na magita yanachukua usukani. Tofauti ni kwamba kwenye chemko gita huzungusha kibwagizo kile kile ili watu wacheze, ilhali hawa wa Georgia waliacha solo iende mbali, isipite tena pale ilipopita.

Sasa swali. Kama uzuri wa bendi kama hii uko jukwaani, albamu ya studio yenye nyimbo fupi ina kazi gani? Wengi humjibu msikilizaji mgeni kwa kumpeleka moja kwa moja kwenye At Fillmore East, albamu iliyorekodiwa mbele ya watu New York, Machi 1971. Ni albamu kubwa, sibishi. Lakini anayeanza na ile atasikia uhuru bila kujua umesimama juu ya nini. Msingi wake uko kwenye albamu ya 1969.

Chukua Whipping Post, wimbo unaofunga albamu. Gita la besi la Berry Oakley linafungua peke yake, zito, na ukijaribu kuhesabu utajikuta umepotea. Umezoea mapigo manne manne. Hapa kuna matatu, matatu, matatu, halafu mawili, kisha duara linaanza upya. Jumla ni mapigo 11. Yale mawili ya mwisho yanakukata pumzi, unahisi umesukumwa kabla hujawa tayari, na hisia hiyo ndiyo hasa mwimbaji anayoilalamikia: mtu aliyefungwa akipigwa na mapenzi. Mwimbaji huyo, Gregg Allman, aliyeutunga akiwa na miaka 21 tu, alisimulia kwamba hakujua kama ametunga kitu cha mapigo 11. Kaka yake Duane, mpiga gita wa bendi, ndiye aliyemweleza. Maneno yanapoanza, mapigo yanatulia na kuwa ya kawaida, halafu ule mwanzo mgumu unarudi. Kwenye albamu yote haya yanachukua dakika tano na ushee. Kwenye At Fillmore East wimbo huo huo ulichukua dakika 23 na kujaza upande mzima wa santuri. Waliweza kwenda mbali hivyo kwa sababu kila mmoja alijua pa kurudia: lile duara la 11 likipigwa na besi, wote sita wako nyumbani.

Bendi ilikuwa na wapiga drams wawili. Butch Trucks alikuwa anasukuma mbele bila kuyumba. Jaimoe, Mmarekani Mweusi kutoka Mississippi aliyewahi kumpigia mwimbaji Otis Redding, alijaza nafasi zilizobaki, akichelewesha pigo hapa na kulipamba pale kwa mkono wa jazi. Katika Georgia ya 1969, miaka mitano tu tangu sheria ya haki za kiraia ipige marufuku ubaguzi hotelini na migahawani, Mweusi na Weupe watano kusafiri, kula na kupiga muziki pamoja halikuwa jambo dogo. Na masikioni linasikika: bila Jaimoe, hii ingekuwa bendi nzuri ya bluzi na roki, basi.

Yeye ndiye aliyewasikilizisha wenzake magwiji wa jazi Miles Davis na John Coltrane, na matunda yake ni Dreams, wimbo ninaouweka juu kuliko yote kwenye albamu hii. Una dakika saba na kidogo. Mwendo wake unabembea, ukikumbusha All Blues ya Miles Davis ya mwaka 1959. Gregg anaimba kama mtu aliyechoka kuamini ndoto zake, kinanda cha Hammond kikivuma chini. Kisha Duane anaingia na solo juu ya kodi mbili tu za gita zinazopokezana. Kodi zikiwa chache hivyo, mpigaji hana pa kujificha: hakuna mabadiliko yatakayompa wazo jipya, lazima alitoe mwenyewe. Duane anaanza kwa vidole vitupu, katikati anateleza kwa kichupa kitupu cha dawa alichokuwa akikivaa kidoleni, gita likilia kama sauti ya mtu, halafu anarejea kwenye vidole na kushuka. Alikuwa na miaka 22. Hakuna noti iliyopotea njia mle ndani, wala iliyowekwa kuonyesha ufundi tu.

Dickey Betts, mpiga gita wa pili, naye hapaswi kusahauliwa. Wimbo wa kwanza hauna maneno, ni magita mawili yanayopiga melodi moja kwa sauti mbili tofauti, yakipanda na kushuka pamoja. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa na mpiga solo mmoja na mwingine wa kumsindikiza. Hawa walikuwa wawili sawa, na bendi za roki za miaka ya 70 zilizofuata njia hiyo hazihesabiki.

Utayarishaji, kwa kweli, hauna makeke. Waliingia studio za Atlantic, New York, Agosti 1969, miezi mitano baada ya kukutana Jacksonville, na mtayarishaji Adrian Barber hakuongeza mapambo. Sauti ya gita iko kama ilivyotoka kwenye spika.

Duane alikufa kwa ajali ya pikipiki Macon, Oktoba 1971. Oakley akamfuata mwaka mmoja baadaye, kwa ajali kama hiyo, mji ule ule. Mwaka 1973, umaarufu ukiwa umeshafika, kampuni iliifungasha upya albamu hii pamoja na ya pili kwa jina la Beginnings, na maelfu wakaisikia kwa mara ya kwanza wakati huo.

Onyesho la mwisho kabisa la bendi lilifanyika ukumbi wa Beacon Theatre, New York, Oktoba 2014. Wimbo waliofungia ulikuwa Trouble No More, bluzi ya Muddy Waters iliyomo kwenye albamu hii ya kwanza. Ndio wimbo Gregg aliousikia siku alipoingia mazoezini kujiunga nao mwaka 1969.