Mchele, Chuya na Kipimo cha Taifodi

Mama anayetuuzia vitumbua mtaani kwetu ana taifodi isiyoisha. Ndivyo anavyosema mwenyewe. Kila baada ya miezi michache viungo vinamuuma, kichwa kinamgonga, anafunga jiko siku moja na kwenda maabara ya jirani. Jioni anarudi na karatasi mkono mmoja, mfuko wa sipro, dawa ya kuua bakteria, mkono wa pili. "Mwanangu, ile taifodi yangu imeamka tena," ananiambia. Mwaka jana iliamka mara nne.

Karatasi zake amezihifadhi kwenye kopo la biskuti. Siku moja alinionyesha. Zote zina neno moja, Widal, na mbele yake namba: 1:80, 1:160, tena 1:80. Nikajiuliza: kinachorudi ni ugonjwa, au ni jibu tu?

Kipimo hicho ni kikongwe. Mwaka 1896, mjini Paris, daktari Fernand Widal alichukua majimaji ya damu ya mgonjwa wa taifodi, akayachanganya na bakteria wa ugonjwa huo, akawaona wakishikana na kufanya vibonge. Mwaka huohuo, Vienna, Max von Gruber na Herbert Durham nao walikuwa wameeleza namna bakteria wanavyogandana hivyo. Sababu yake ni kwamba mwili ukivamiwa hutengeneza kingamwili, askari wadogo wanaomkamata mvamizi na kumfunga pamoja na wenzake. Namba iliyo kwenye karatasi hueleza wingi wa askari hao: 1:80 maana yake majimaji ya damu yamezimuliwa mara 80 na bado bakteria wameganda.

Angalia vizuri kipimo kimeona nini. Hakikumwona bakteria ndani ya mgonjwa. Kimewaona askari, na askari hawaendi likizo siku mvamizi anapoondoka. Kingamwili huweza kubaki kwenye damu miezi mingi baada ya mtu kupona. Huweza kuletwa na chanjo, au na bakteria wengine wa ukoo wa salmonela. Tena, katika siku za mwanzo za homa huwa bado hazijatosha kuonekana, kwa hiyo mgonjwa wa kweli anaweza kuambiwa hana kitu. Ndiyo maana vitabu vya maabara vinataka damu ichukuliwe mara mbili, kwa kupishana siku 10 hadi 14, na namba ipande angalau mara nne, mfano kutoka 1:40 hadi 1:160. Lakini nani atakaa na homa wiki mbili akisubiri damu ya pili? Basi mtu anapimwa mara moja, anapewa dawa, anakwenda zake.

Kipimo kama hicho hukosea mara ngapi? Swali hilo liliulizwa hapa hapa kwetu, Muheza mkoani Tanga, katika hospitali ya Teule. Watafiti waliwafuatilia watoto 1,680 waliolazwa, wakachukua damu yao na kuiotesha maabara ili kuona kama kuna bakteria hai anayemea. Kisha damu hiyohiyo ikapimwa kwa Widal. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010.

Watoto ambao damu yao iliotesha bakteria wa taifodi walikuwa 16. Kwa kutumia kiwango cha 1:80, Widal iliwanasa robo tatu yao, yaani 12, na kuwakosa wanne. Kwa watoto wasiokuwa na taifodi, kipimo kilisema "hana" kwa usahihi wa asilimia 98. Mtu akisikia asilimia 98 anaridhika. Hata mimi niliridhika, mpaka nilipofika mstari uliofuata: kati ya watoto wote ambao Widal ilisema wana taifodi, walioonekana kuwa nayo kweli ni asilimia 26 tu. Takriban watatu katika kila wanne walikuwa wamesingiziwa.

Kipimo kinachopatia mara 98 katika 100 kinawezaje kusingizia watu wengi hivyo? Jibu nililipata kibarazani kwa mama vitumbua, aliposhika ungo akichambua mchele wa kuloweka.

Mchambuaji wa mchele anaweza kukosea kwa njia mbili. Anaweza kuacha chuya na vijiwe ndani ya mchele, au anaweza kutupa punje nzuri akidhani ni chuya. Mwaka 1947 mtakwimu wa Marekani, Jacob Yerushalmy, akichunguza namna madaktari walivyosoma picha za eksirei za kifua, aliyatenganisha makosa hayo mawili na kuyapa vipimo vyake. Uwezo wa kukamata chuya wataalamu wetu wanauita usikivu. Uwezo wa kuziacha salama punje njema wanauita umahususi. Widal ya Muheza ilikuwa na usikivu wa asilimia 75 na umahususi wa asilimia 98.

Sasa chukua ungo wenye punje 1,680, na ndani yake chuya 16 tu. Mkono wako unapatia chuya 12. Lakini punje njema ziko 1,664, na mkono unaokosea takriban mara mbili tu katika kila mia utazitupa kama 34. Ukitazama rundo ulilolitupa chini, lina vitu 46: chuya 12 na mchele mzuri 34. Mkono wako si mbaya. Ni kwamba chuya zilikuwa chache mno, na mchele ulikuwa mwingi mno, hata kosa dogo likazaa rundo.

Badilisha gunia, uone. Tuseme maji ya mtaa yamechafuka, taifodi imelipuka, na katika wagonjwa 1,000 wa homa, 300 wanayo kweli. Kipimo kilekile kitawanasa 225, na katika 700 wasio nayo kitawasingizia 14. Sasa mwenye jibu la chanya ana uwezekano wa asilimia 94 kuwa mgonjwa kweli. Maabara ni ileile, chupa ya dawa ni ileile, namba kwenye karatasi ni ileile. Wahenga walisema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Maana ya jibu haikai ndani ya chupa peke yake. Nusu yake inakaa kwa anayepimwa na mahali alikotoka.

Msidhani hesabu hii inawashinda wauza vitumbua na waandishi tu. Mwaka 1978 ilichapishwa habari ya watu 60 wa Harvard, madaktari pamoja na wanafunzi wa udaktari, walioulizwa hivi: ugonjwa fulani uko kwa mtu mmoja katika 1,000, na kipimo chake kinawasingizia wazima watano katika kila 100, mtu akionekana chanya, uwezekano wa kuwa mgonjwa ni kiasi gani? Watu 27 walijibu asilimia 95. Jibu sahihi ni kama asilimia mbili, kwa sababu mgonjwa ni mmoja na waliosingiziwa ni kama 50. Waliopatia walikuwa 11.

Haki ni haki, na Widal nayo ipewe yake. Mizani iliyotumika kuipima ina kasoro. Kuotesha damu huwakosa wagonjwa wengi wa taifodi, pengine nusu yao, hasa waliokwisha kumeza dawa nyumbani. Kuotesha uboho kutoka ndani ya mfupa hunasa zaidi, lakini nani atatobolewa mfupa kwa homa ya siku tatu? Kwa hiyo huenda baadhi ya wale waliohesabiwa kuwa wamesingiziwa walikuwa wagonjwa kweli. Kwa upande mwingine, Muheza walitumia Widal ya mirija, inayofanywa kwa utulivu na kuachwa muda. Vituo vingi mitaani hutumia ile ya kudondosha tone kwenye kioo na kusoma papo hapo, na hiyo si ya kutegemewa zaidi.

Hasara ya jibu la uongo haiishii kwenye fedha za sipro, wala kwenye bakteria wanaojifunza kuizoea hadi siku ikihitajika kweli isifanye kazi. Hasara kubwa ni ugonjwa halisi ulioachwa bila jina. Moshi, watafiti waliwafuatilia watu 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili. Madaktari waliandika malaria kwa 528. Uchunguzi wa kina ulipofanyika, waliokuwa na homa ya malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikutwa na bruselosi ya mifugo, chikungunya, homa ya Q, au leptospirosi, ile ambayo Watanzania waliijua kwa jina la homa ya mgunda ilipozuka Lindi mwaka 2022. Kila mtu aliyeambiwa "wamekukuta na wadudu wawili" kumbe hana malaria, kuna kitu kingine kilichokuwa kikimtafuna kimyakimya.

Dawa ya kipimo kinachokosea, mara nyingi, ni kipimo cha pili cha aina nyingine. Hilo tumelizoea kwenye virusi vya UKIMWI: hakuna anayeambiwa ana virusi kwa kipimo kimoja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote zitake majibu matatu mfululizo ya chanya kabla ya kumwambia mtu anaishi na virusi. Vipimo havikuwa vimeharibika. Kwa kuwa wengi wenye virusi walishajulikana na kuanzishiwa dawa, chuya zilizobaki kwenye ungo wa wanaopimwa zilikuwa zimepungua, na kosa dogo likaanza kuonekana kubwa. Vipimo vilibaki vilevile, gunia ndilo lililobadilika.

Asije mtu akatoka hapa akisema taifodi ni uzushi. Taifodi ipo, na ikiachwa hutoboa utumbo na kuua. Homa inayopanda siku baada ya siku, tumbo likiuma, si ya kukaa nayo nyumbani. Lakini mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari kabla ya kutoa mkono uchomwe: unashuku nini, na kwa nini? Kipimo hiki kinamtafuta mdudu mwenyewe au kingamwili zake? Kikisema ninao, tutathibitisha vipi? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo, kwa sababu na yeye anayahitaji. Anayeagiza Widal kwa kila mwenye homa anajaza ungo mchele na kushangaa kuona rundo chini.

Haya yote nilimweleza mama vitumbua jioni ile, nikidhani nampa elimu mpya. Alinisikiliza huku akipepeta. Kisha akanionyesha magunia mawili pembeni ya mlango. Hili, alisema, linatoka kwa muuzaji ninayemjua, mchele wake ni safi. Nikiona kitu cheusi nakiangalia mara mbili kabla ya kutupa, huwa ni punje tu iliyoungua. Lile jingine lilinunuliwa mnadani, lina mawe. Likionekana jeusi, natupa bila kuuliza.

"Wewe mwanangu umesoma," akamalizia, "lakini hao wenye karatasi mbona hawakuniuliza mchele wangu umetoka gunia gani?"