Je, Ladha Yapimika? Mafunzo Kutoka kwa Waonjaji wa Biri za Kuba

Mwanafunzi wa sayansi huzoeshwa tangu kidato cha kwanza kupima vitu kwa ala: urefu kwa rula, uzito kwa mizani, joto kwa kipimajoto. Ala hizo hazina mapenzi wala chuki. Lakini ziko bidhaa ambazo thamani yake huamuliwa kwa ala ya namna nyingine kabisa, nayo ni kinywa na pua ya binadamu. Chai iuzwayo katika mnada wa Mombasa huonjwa kabla ya kununuliwa. Kahawa huonjwa. Hali kadhalika biri za Kuba, yaani ile misokoto minene ya majani ya tumbaku, huvutwa na waonjaji na kupewa alama, na alama hizo huathiri bei katika masoko ya nchi nyingi.

Makala haya yanachukua biri ya Kuba ya umbo liitwalo robusto kuwa mfano. Hatukuichagua ili kuisifu, kwa sababu tumbaku ni sumu, kama tutakavyoona. Tumeichagua kwa kuwa inatuwekea wazi swali muhimu la sayansi: mtu akisema kwamba kitu fulani kimepata alama 92 kwa 100, amepima nini, na ni kitu gani ambacho hakukipima?

Robusto ni nini?

Robusto ni jina la umbo, wala si jina la kiwanda. Katika viwanda vya Kuba biri ya umbo hili ina urefu wa milimita 124 na unene wa namba 50. Namba hiyo ya unene huhesabiwa kwa sehemu za inchi zilizogawanywa 64. Kwa hiyo kipenyo chake ni 50/64 ya inchi, na kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, mwanafunzi anaweza kukokotoa mwenyewe na kupata karibu milimita 19.8. Uzito wake ni takriban gramu 12.

Partagás Serie D No. 4, Hoyo de Monterrey Epicure No. 2 na Cohiba Robusto ni biri za majina matatu tofauti, lakini vipimo vyake ni vimoja. Jambo hili lina faida kwa mpimaji. Tunapotaka kulinganisha vitu viwili kwa haki, inatupasa kuyafanya mambo mengine yote yawe sawa isipokuwa lile moja tunalolichunguza. Biri zenye urefu na unene sawa zikitofautiana ladha, tutaitafuta sababu katika majani yake na katika utengenezaji, wala si katika umbo.

Kutoka jani hadi msokoto

Tumbaku mashuhuri zaidi ya Kuba hulimwa katika eneo la Vuelta Abajo, katika mkoa wa Pinar del Río, magharibi ya kisiwa. Majani ya mmea mmoja hayafanani. Ya chini, yaitwayo volado, hupata jua kidogo na huwaka kwa urahisi. Ya katikati, yaitwayo seco, hutegemewa kwa harufu. Ya juu, yaitwayo ligero, hupata jua kali, huwa mazito, huwaka polepole na huwa na nikotini nyingi zaidi. Fundi huyachanganya majani hayo kwa kadiri maalumu, huku ligero ikiwekwa katikati ya msokoto.

Baada ya kuvunwa majani hutundikwa katika mabanda yapitishayo hewa mpaka yakauke na kugeuka rangi ya kahawia. Kisha hulundikwa yakiwa na unyevu. Ndani ya lundo joto hupanda lenyewe, kwa sababu kemikali za jani huendelea kuvunjika, na amonia hutoka. Wafanyakazi hupima joto la lundo na kulipangua linapozidi kiasi. Uchachushaji huo hupunguza ukali wa jani, na ndio unaofanyiza sehemu kubwa ya harufu anayoitafuta mwonjaji.

Waonjaji wa kiwandani

Katika viwanda vya Kuba biri hukaguliwa kwanza kwa vipimo vya kawaida: urefu, unene, na uzito wa vifungu vya biri 50. Tangu mwanzoni mwa karne hii viwanda vimetumia pia mashine ya kuvuta hewa, ambayo huonyesha kama msokoto umebanwa mno au umelegea.

Baada ya hapo huja kazi ya waonjaji. Wao huvuta biri zilizochaguliwa kutoka kwa kazi ya mafundi mbalimbali, na kuandika maoni yao juu ya mambo kadhaa: wepesi wa kuvuta, namna biri inavyowaka, nguvu, harufu, ladha, na ubora wake kwa jumla. Msomaji aangalie kwamba mambo mawili ya mwanzo yanaweza kuthibitishwa kwa mashine na kwa saa. Nguvu ni athari ya nikotini mwilini. Harufu na ladha hazina ala nyingine ila mtu mwenyewe.

Nje ya viwanda yako majarida yanayotoa alama kwa wanunuzi. Jarida la Cigar Aficionado, lililoanza Marekani mwaka 1992, hutumia mizani ya alama 100: 15 kwa sura na utengenezaji, 25 kwa ladha, 25 kwa tabia ya biri inapovutwa, na 35 kwa maoni ya jumla. Tukiitazama mizani hii kwa jicho la sayansi tunaona jambo la ajabu kidogo: sehemu yenye alama nyingi kuliko zote ndiyo ile isiyoweza kuthibitishwa na mtu mwingine.

Ulimi, pua na mishipa ya fahamu

Mwonjaji anaposema kwamba ameonja kakao, kahawa au mti wa mwerezi, ulimi wake haukuonja chochote katika hivyo. Ulimi unatambua ladha tano za msingi: utamu, uchungu, ukali wa ndimu, chumvi, na ile ladha ya mchuzi wa nyama iitwayo umami. Vitabu vingi vya zamani vina mchoro wa ulimi uliogawanywa sehemu, utamu nchani na uchungu nyuma. Mchoro huo si sahihi. Ulitokana na kufasiriwa vibaya kwa utafiti uliochapishwa Ujerumani mwaka 1901. Vinundu vya kuonjea vilivyo katika sehemu mbalimbali za ulimi hutambua ladha zote tano.

Mengine yote ni kazi ya pua. Moshi au mvuke ulio kinywani hupanda kwa nyuma, kupitia kooni, mpaka kwenye vipokezi vya harufu. Jeni za vipokezi hivyo zilielezwa mwaka 1991 na Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo, na kila harufu huamsha mkusanyiko wake. Ubongo huulinganisha mkusanyiko huo na kumbukumbu. Kwa hiyo mtu ambaye hajapata kunusa mwerezi hawezi kuukuta mwerezi katika biri.

Iko njia ya tatu. Amonia na nikotini huchoma, na mchomo huo huchukuliwa na mishipa ya fahamu ya uso, ile ile inayotuletea ukali wa pilipili. Hisi hizi tatu hufika kwenye ubongo pamoja, nasi tunaziita kwa jina moja: ladha.

Ala inayodanganyika

Kila ala ina kasoro zake, na ala hii inazo nyingi. Pua huchoka: ikinusa harufu moja kwa muda, huacha kuitambua. Biri ya tano kwa siku hiyo haipati pua ile ile iliyoipata biri ya kwanza. Biri yenyewe nayo hubadilika kwa unyevu wa ghala. Ikikauka huwaka kwa joto kali na kuunguza kinywa, na ikilowa haivutiki.

Kasoro kubwa zaidi imo akilini. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio walilolifanya kwa waonjaji 54 wa divai. Waliitia divai nyeupe rangi nyekundu isiyo na harufu, na waonjaji wakaieleza kwa maneno yanayotumika kueleza divai nyekundu. Macho yao yaliziamuru pua zao. Katika utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, Robert Hodgson aliwapa waamuzi wa mashindano ya divai ya California divai ya chupa moja mara tatu, bila wao kujua. Ni kama mmoja tu katika kila waamuzi kumi aliyeipa divai hiyo daraja lile lile kila mara. Kwa kawaida alama za mwamuzi mmoja zilipanda au kushuka kwa 4.

Ikiwa hali ni hiyo kwa divai, hatuna sababu ya kuamini kwamba pua zinazonusa moshi ni thabiti zaidi. Basi tofauti kati ya biri ya alama 91 na ya alama 92 yaweza kuwa ni tofauti kati ya asubuhi na mchana wa mwonjaji. Ndiyo maana waonjaji waangalifu huondoa utepe wenye jina la biri kabla ya kuivuta, huwa zaidi ya mmoja, na hurudia kazi yao.

Vikombe vinane vya chai

Njia ya kumjaribu mwonjaji ilielezwa vizuri na Ronald Fisher, mwanatakwimu wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1935. Mwanasayansi mmoja, Muriel Bristol, alidai kwamba anaweza kutambua kwa kuonja kama maziwa yalitangulia kutiwa kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Fisher alieleza jaribio la vikombe vinane, vinne vya kila namna, vilivyopangwa kwa bahati nasibu. Mwonjaji anatakiwa avichague vile vinne vya maziwa kwanza. Ziko njia 70 za kuchagua vikombe vinne katika vinane, na iliyo sahihi ni moja. Kwa hiyo abahatishaye ana nafasi moja katika 70 ya kufaulu. Akifaulu, tuna sababu ya kumsadiki.

Historia ya Fisher ina funzo la pili, tena chungu. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha nchini Uingereza ushahidi kwamba uvutaji wa sigara unahusiana na saratani ya mapafu. Fisher, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji wa kiko na mshauri wa watengenezaji wa tumbaku, aliupinga ushahidi huo kwa maandishi katika miaka ya 1950. Wakati ulionyesha kwamba alikosea. Yule aliyetufundisha kumwondolea mwonjaji upendeleo hakusalimika na upendeleo katika jambo la tumbaku.

Jambo lisilokuwamo katika alama

Wengine hudhani kwamba biri haina madhara kwa kuwa wavutaji wengi hawauingizi moshi wake mapafuni. Kemia inasema vingine. Moshi wa biri una tabia ya alkali, na katika hali hiyo nikotini hupenya ngozi laini ya kinywa na kuingia katika damu bila kufika mapafuni. Pia wakati wa kukausha na kuchachusha majani, yaani katika kazi ile ile inayoleta harufu nzuri, hufanyika kemikali ziitwazo nitrosamini ambazo husababisha saratani. Wavutaji wa biri hupatwa na saratani ya kinywa, ya koo, ya umio na ya mapafu zaidi ya watu wasiovuta. Tukumbuke tena ile gramu 12: sigara ya kawaida ina tumbaku isiyozidi gramu 1 hivi.

Katika mizani ya alama 100 tuliyoieleza hapo juu, madhara hayo hayana hata alama moja. Biri yenye alama 95 na yenye alama 75 zina sumu za namna moja. Mwonjaji hakudanganya, aliulizwa swali moja akalijibu. Kosa ni la msomaji anayedhani kwamba neno "bora" limejibu maswali yote.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kulifundisha somo hili bila tumbaku. Tayarisha chai ya namna mbili, A na B, kwa majani yanayotoka sehemu mbili tofauti. Mpe kila mwanafunzi vikombe vitatu vilivyoandikwa namba tu, viwili vya chai moja na kimoja cha nyingine, naye akitambue kilicho tofauti. Anayebahatisha ana nafasi 1 katika 3. Akirudia mara tano na kupatia zote, nafasi ya bahati ni 1 katika 243. Mwagizeni asukutue kinywa kwa maji kila mara, na anayegawa vikombe naye asijue kilicho ndani.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini agawaye vikombe hatakiwi kujua kilicho ndani?

2. Wanafunzi wakiziba pua, matokeo yatabadilikaje? Jaribuni.

3. Chagueni bidhaa yoyote inayotangazwa kuwa ya daraja la kwanza. Ni nani aliyeipima, kwa njia gani, na ni jambo gani ambalo hakuulizwa?