Kikopo cha Kunasa Oili: Kina Faida?

Katika gereji ya mjomba, ambako mimi hushinda Jumamosi, wenye pikapu hawaishi kuuliza kama wafunge kikopo cha kunasa oili. Jirani yetu anayebeba kabeji hadi Marikiti aliuliza juzi, na pesa zenyewe ni za karo.

Pistoni inaposukumwa, gesi kidogo hupenya kando ya ringi hadi kwenye oili. Lazima itoke, la sivyo sili zitavuja. Basi hupitia paipu ya mpira hadi kwenye njia ya hewa ili ichomwe, nayo hubeba matone ya oili. Kikopo hufungwa kati ya paipu hiyo, kikayanasa.

Sasa, pikapu ya jirani ni ya petroli, ya zamani. Petroli hupuliziwa nyuma ya vali, ikaziosha. Hapo kikopo ni pambo tu! Lakini injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, vali zake haziogi kamwe. Oili huganda juu yake ikawa masizi magumu. Dizeli zinazorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini ndizo taabani zaidi: masizi na oili hukorogana kama uji mzito. Hizo kikopo huzisaidia, ingawa masizi yenyewe hakiyazuii.

Ila sharti kimwagwe. Baridi ya Limuru hukijaza maji pia, yakachanganyika na oili yakawa meupe kama chai ya maziwa. Kikiziba, presha hupanda na sili hufumuka. Na kikijaa oili upesi mno, huenda ringi zimekwisha. Zikiwa zimekwisha, ni kufungua injini.